Sufuria Yenye Kuzidi Kilo

Banc yetu, kiti murefu ya kuikala bantu, iko hapa ku Kenya, commune ya Lubumbashi, fasi barabara ya soko inakutana na ile ya paroisse, kanisa yetu. Ni traverse mbili za reli ya zamani, mbao nzito kweli, zinalala juu ya matofali. Baba yake Constantin, rafiki yangu, njo alizileta, mwaka alitoka ku kazi ya reli, na mupaka leo jua ikiwaka mafuta nyeusi inatoka mu mbao na inashikana na patalo, suruali ya muntu. Mukono ya kuume iko mbabula ya Mama Kahambu, na makala yake, na kahawa ya Butembo mu birika. Mukono ya kushoto niko miye, Osée, mushona viatu. Bananiita Semelle, ni kusema soli ya kiatu, na sikatae. Kila asubui bantu banakuja kunywa kikombe moja na kugombana, na sijaona siku bamepatana. Ile Ijumaa nayo tulianza kugombana mbele kahawa ichemke.

Mambo yenyewe ni hii. Juu ya vita ya Est, kule ku Kivu, État, serikali yetu, ilitafuta sufuria kubwa za kupikia basoda, bale baaskari ba jeshi, elfu tatu, kila moja litre makumi ine. Tangazo ilisema fungu moja lazima iende kwa bafabricants ba mu provinces, si benye kuikala ku Kinshasa tu. Constantin anayeyusha aluminium nyuma ya nyumba yake, mu lupango, na bafanyakazi sita: piston za camion, madirisha zenye kuvunjika, kila kintu. Alijaribu. Kila muntu alipeleka ku commission, bale bapimaji ba État kule mu ville, katikati ya muji, sufuria moja ya kuonyesha, ile banaita échantillon, kifuniko imefungwa na waya. Sheria ilikuwa moja kubwa: isipite kilo saba, maana soda atabeba. Ya Constantin tuliipima ku balance ya Kahambu, ile mizani ya kupimia maharagi yake, tukaona sisi bote, kilo sita na gramu mia saba. Jumatatu barua ikakuja: kilo saba na gramu mia tisa. Inakataliwa. Kazi yote ilikwenda kwa kampuni moja yenye bureau ku Kinshasa, na hakuna muntu alishaona moto yake. Kulikuwa tu njia moja ya kulalamika, barua ya recours, mwisho Ijumaa saa sita ya muchana. Bila ile, Constantin anazima moto, na bale bafanyakazi sita kila muntu ashike njia yake.

Sasa niseme yangu mapema, juu sipendi muntu aje kunicheka nyuma. Ile gramu yenye kuzidi, miye njo naijua ilitoka wapi. Nilijua tangu Jumatatu.

Régine, bibi ya Constantin, Mungu amupumzishe, alikuwa na desturi yake. Sufuria mupya haikutoka mu lupango yabo tupu. Kwabo ku Kongolo banaona vibaya kumupa muntu sufuria tupu, ni kumupelekea njala. Anatia unga kidogo, chumvi kidogo, anafunika, anasema «enda ukapike». Alikufa saison sèche, ile kiangazi yenye kupita. Ile asubui ya kupeleka échantillon, Constantin aliniita nifunge kifuniko na waya yangu ya kushonea viatu, akakwenda kutafuta cachet, muhuri ya kutia juu ya waya. Nikabaki peke yangu na sufuria. Gunia ya unga ya Régine ilikuwa bado nyuma ya mulango. Nikawaza bale batoto kule ku vita. Nikatia kopo mbili za unga, na chumvi mukono moja, nikafunga. Sikusema kintu, na Constantin akaipeleka bila kuipima tena. Ile haiko kintu ya kutangaza. Na Jumatatu Prof, mwalimu wa hapa ku banc, aliposoma barua, «kilo saba na gramu mia tisa», nikaelewa mara moja.

Basi, Ijumaa saa ine hivi, tuko na ile karatasi ya recours juu ya banc. Prof njo alishika kalamu. Jina yake ni Aristote, alifundisha primaire miaka makumi tatu, na Français ya kuandika iko kwake tu.

— Fasi ya motif, sababu ya kulalamika, banaacha mustari moja, akasema. Moja! Muntu anaonewa hivi, banamupa mustari moja.

— Andika «banaiba», Radio akasema.

Radio ni Chama, muntu wa taxi-moto, ile pikipiki ya kubeba bantu. Habari yote ya Lubumbashi inapita kwake, na inatoka kwake ikiwa imenona.

— «Banaiba» haiko motif. Motif inalomba preuve, ushuhuda.

— Preuve ni miye. Nilisikia.

— Ulisikia kwa nani?

— Kwa bantu.

Constantin alikuwa anashika kikombe na mikono mbili. Mikono yake inaungua-ungua yote, kucha mbili hazipo.

— Miye nataka kuelewa kintu moja tu, akasema. Nilipima. Muliona. Gramu elfu moja na mia mbili ilitoka wapi?

Nikainama ku kiatu ya muntu, nikapiga musumari fasi yenye haina lazima.

— Hapo njo science inaingia, Prof akasema. Lubumbashi iko juu. Metre elfu moja na zaidi. Kinshasa iko chini kabisa, pembeni ya maji. Kintu ikiwa juu inapunguka uzito, ikiwa chini inazidi. Kilo ya hapa na kilo ya kule haiko moja.

— Lakini balipima hapa hapa, mu ville! Kahambu akasema.

— Mama, balance yabo ilitoka wapi? Ilitoka kule na avion. Ilikuja na kilo ya kule.

— Eee Yesu. Miye nauzisha maharagi miaka kumi na tano, Prof. Kilo ni kilo.

— Ile ni kilo ya soko. Hii ni kilo ya État.

Radio akapiga mukono ku paja.

— Niandikie miye hivi: sufuria ilikunywa maji. Ilibaki kwabo juma tatu, mu dépôt yenye inavuja. Na mvua vile ilinyesha!

— Aluminium haikunywake maji, Constantin akasema.

— Yako ilitoka ku piston. Piston inazoea kukunywa.

— Chama, unawaza unasema nini?

— Papa Constantin, miye sikuyeyusha, ni weye uliyeyusha. Nasema tu yenye bantu banasema.

Kahambu akacheka kidogo, akatutilia kahawa. Ilikuwa inatoka nyepesi. Tangu vita ikamate njia za kwabo ku Kivu, gunia moja inapita nchi tatu za jirani mbele ifike hapa, na Kahambu anachemusha ile ile mbegu mara mbili. Hatukumulaumu. Tulikunywa tu.

— Basi na mujue yenye iko chini ya mambo, Radio akaendelea, na sauti ya siri yenye inasikilika mupaka ku boutique ya ng'ambo. Munafikiri vita ni bunduki? Soda asipokula, anakimbia. Kule kuko bantu benye kazi yabo ni kufanya basoda betu balale njala. Moja alikuja mupaka hapa. Aliona sufuria ya Constantin iko muzuri, inaivisha bukari ya bantu mia. Alitia sumaku chini ya meza, ikavuta balance.

— Sumaku haikamate aluminium, Constantin akasema.

— Hii ya kwabo inakamata.

— Prof, sumaku inakamata aluminium? Constantin akauliza.

— Mu principe, hapana, Prof akasema. Lakini na maendeleo ya leo...

— Acha, acha. Constantin akainuka, akaikala tena. Saa tano inapita. Bale bana sita banangoja ku lupango. Bwalya, moja wabo, iko na bibi mwenye mimba. Munipe mustari moja. Moja tu.

Hapa njo ningesema. Kalamu ilikuwa pale, karatasi ilikuwa pale. «Kulikuwa unga ndani, hamukufungua.» Mustari moja, na ilikuwa ya kweli, na ilikuwa motif! Commission ilipaswa kufungua mbele ipime, muntu yeyote anajua. Lakini kusema ile ni kusema: miye, Semelle, nilivunja kazi ya rafiki yangu, na siku ine namutazama akikosa usingizi, niko kimya. Haya ilinikamata. Nikasema moyoni, nitasema kisha hiki kiatu. Kisha kile kiatu nikakamata kingine.

Radio, wakati ile, alikuwa bado anatafuta.

— Kuko prophète moja, nabii, ku mutaa ya Hewa Bora, akasema. Alisema muntu akikufa, na bintu yake haiyagawanywa, anaikala mu vyombo ya nyumba. Bintu inazidi uzito. Papa Constantin, nguo za Mama Régine mulishagawa?

Constantin akamutazama murefu.

— Chama. Régine, usimutie mu kinywa yako tena.

— Pole, vieux, muzee wangu. Miye nilisema tu...

— Nasema usimutie.

Sindano ikanichoma kidole mupaka damu. Ule mupumbavu, na prophète yake, alikuwa karibu na ukweli kuliko bale bote, na hakujua.

Kahambu akakwenda ku robinet kutafuta maji ya birika. Na Prof, kisha kuona amekwenda, akavuta karatasi karibu.

— Kuko swali moja hatuyaiuliza, akasema polepole. Sisi tulipima ku balance ya nani?

— Ya Mama Kahambu, Radio akasema. Kisha akafungua macho. Eeeh!

— Siseme kintu. Nauliza tu. Balance yake ilisema sita. Ya État inasema saba, karibu nane. Moja inadanganya. Na muntu mwenye kuuzisha maharagi, balance yake inadanganyaka upande gani?

— Balance ya soko inazidisha, Constantin akasema. Haipunguze. Ingekuwa mwizi, sufuria ingepima tisa.

— Kama haikupangwa! Radio akasema. Ule Kataliko, wa biashara ya Goma, ni nani wake?

— Kaka yake, mutoto wa baba mukubwa, Prof akasema.

— Na Kataliko aliingizaka nini na container? Sahani, bassin, sufuria! Sufuria, Papa Constantin! Dada anakudanganya iko nyepesi, weye unapeleka bila kupunguza, unaanguka, kaka anauzisha zake kwa ile kampuni. Ee! Na bote banatoka kule kule kwenye vita iko. Hamuone?

Nilisema nini, miye? Nilisema: «Ah, Radio, unazidisha.» Njo maneno yangu yote. Mujue muntu mwenye anawaelezea hii habari ni wa namna gani.

Kahambu alikuwa amerudi. Alisimama na kidumu ya maji mukono, na sijui alisikia kuanzia wapi, lakini ilikuwa ya kutosha. Hakupiga makelele. Alitua kidumu, akakamata balance chini ya meza yake, akaileta juu ya banc katikati yetu.

— Balance njo hii, akasema. Mupime.

— Mama, hatukusema...

— Mupime, Prof.

Kahambu mwenyewe akatia pakiti ya sukari, ya kilo moja, yenye haiyafunguliwa. Mushale ikasimama ku moja, sawasawa.

— Pakiti pia inaweza... Radio akaanza.

— Chama, nyamaza, Constantin akasema.

— Hapana, aseme, Kahambu akasema. Kataliko, tangu vita ikamate Goma, hana dépôt, hana container, hana hata viatu ya pili. Iko analala kwa bantu. Miye nilitoka kule, vita ya mbele ya hii, na sufuria moja juu ya kichwa na mutoto ku mugongo. Munaniambia miye habari ya vita? Miaka hii yote nawapa kahawa, nikasikia munasema «Mama wetu, Mama wetu». Leo niko wa kule.

Akarudi ku mbabula yake, akaikala, akatugeuzia mugongo.

Prof alikuwa amesha kuandika. Muntu mwenye kalamu, shida yake njo ile: mukono inatangulia. Akasoma na sauti ya chini:

— «Fraude présumée sur la balance, avec complicité d'une commerçante originaire du Kivu.» Ni kusema, balance ilichezewa, na mwanamuke wa biashara wa Kivu alisaidia. Sikutia jina. Ni muzuri, ni mustari moja.

— Wanawake ba biashara ba Kivu beko ngapi ku hii banc? Constantin akauliza.

— Haina jina, Papa.

— Nauliza beko ngapi.

Radio alikuwa amesha kuwasha pikipiki yake. Saa sita kasoro dakika kumi na tano. Na taxi-moto, kwa barabara ile, anafika mu ville, kama hakuna police ku rond-point.

— Saini, vieux, Radio akasema. Saini tu. Batapima tena. Bataona wenyewe kama ni ye ao haiko ye. Ni karatasi tu.

— Na bakikuja kumukamata?

— Nani atamukamata juu ya sufuria?

— Wakati huu? Muntu wa kule, na jina yake inaingia mu karatasi ya bintu ya jeshi? Chama, weye mwenyewe kila siku unatuambia bantu benye kupotea.

Akakamata kalamu. Nilimuona. Alishika ile karatasi ku magoti yake, akatazama upande wa lupango, fasi moshi ya moto yake ilikuwa inatoka juu ya ukuta, ile moshi nyeupe ya asubui yote tangu tuko bavijana. Aliitazama murefu. Kisha akakunja karatasi mara mbili, akaitia chini ya kikombe.

— Sisaini uwongo, akasema. Kama ni kuzima, izime.

Nikafungua kinywa. Naapa mbele ya Mungu nilifungua kinywa. Na kengele ya paroisse ikaanza kulia, saa sita, na bantu ba soko bakasimama kufanya musalaba. Miye nilifanya musalaba pamoja nabo. Kengele ilipomaliza, kinywa yangu ilikuwa imefungwa.

Radio akazima pikipiki yake. Prof akafuta miwani. Hatukuwa tena na kintu ya kugombania, na hatukuondoka.

Dakika makumi tatu hivi zilikuwa zimepita wakati camionnette nyeupe ilisimama ku kona. Kijana moja akashuka, shati ya kazi, badge ku shingo. Alikuwa anabeba sufuria juu ya bega. Ya kwetu. Niliitambua mbele nione cachet: waya yangu ilikuwa bado pale, na fundo yangu, ile ya kushonea sandale, namna nilivyoifunga.

— Jambo yenu, bazee. Natafuta Constantin, mwenye kufanya sufuria.

— Ni miye.

— Miye ni Lombe, chauffeur wa commission. Banasema turudishe ma-échantillon kwa benyewe. Utasaini hapa. Akatua sufuria juu ya banc, akajinyoosha mugongo. Papa, lakini niulize kintu. Njia yote inalia humo ndani. Nikikata kona, shwaa. Nikikanyaga frein, shwaa. Mulitiaka nini ndani?

Radio akatazama Prof. Prof akatazama Constantin. Constantin akatazama sufuria. Swali yepesi hivi, na mu bantu bale bote benye kujua siri ya vita, na kilo ya Kinshasa, na sumaku, hakukuwa na moja wa kuijibu.

— Haina kintu, Constantin akasema polepole. Niliipeleka tupu.

— Haiko tupu, Papa. Sikia. Lombe akaitingisha. Shwaa.

Kahambu akainuka. Alikuja, akagusa waya, akaipindua kidogo, akaona fundo. Kisha akanitazama miye, na viatu yote yenye kutundikwa pale na fundo ile ile.

— Semelle, akasema. Fungua.

Hakuna mwengine anajua kuifungua bila kukata. Nilikuja na koleo yangu. Nikakosa mara mbili. Kifuniko ikatoka. Unga kidogo ilikuwa imeshikana pembeni, ingine inateleza, na wadudu badogo balikuwa bamesha kuingia, na chumvi ilikuwa juu, imekuwa mabonge.

Constantin akatia mukono ndani. Akatoa unga kidogo, akaisugua na vidole, akainusa. Hakuuliza ni nini. Muntu hawezi kusahau unga ya nyumba yake.

Kahambu akatia sufuria ku balance yake, ile ile. Kilo saba na gramu mia tisa. Akatandika kitenge yake chini, akamwanga unga yote juu yake, akapiga sufuria na mukono itoke mupaka ya mwisho, akapima tena. Kilo sita na gramu mia saba.

— Sawa na ya État, Lombe akasema, anashangaa. Balance ya Mama iko muzuri.

— Na kule, Prof akauliza, hamukufungua?

— Kufungua? Waya njo mumeiona. Nani alifungua? Balitia vile ku balance, bakaandika.

— Na ya bale bengine? Ya kampuni yenye kushinda?

— Ile njo miye nilibeba pia, kutoka ku aéroport. Ilikuwa mu carton. Banaangalia karatasi yenye kushikwa juu, bakasaini. Ku balance haikufika. Sijue, Papa, miye niko chauffeur.

— Haikupimwa! Prof akaruka. Haikupimwa! Yetu inapimwa bila kufunguliwa, yabo haipimwe hata! Motif njo hii, Constantin! Haki iko wapi? Motif njo hii, mustari moja tu!

Akavuta karatasi chini ya kikombe, akaikunjua, akafuta ile ya mbele, akaandika mbio mbio. Kisha akatazama saa ya mukono yake. Saa sita na nusu inapita. Akaendelea kuitazama. Kalamu akaitua yeye mwenyewe.

Lombe akaona sura zetu, akapana karatasi yake, Constantin akasaini. Hii alisaini. Camionnette ikaondoka.

— Ni miye, nikasema.

Constantin akaitika na kichwa. Alikuwa amesha kujua.

— Nilifanya namna alikuwaka anafanya. Nilisema bale batoto ba ku vita...

— Najua, Osée.

Aliniita Osée. Tangu utoto hakuniitaka vile. Radio, mwenye hakosake neno, alikuwa anachokora mafuta nyeusi ya traverse na kucha. Ni Kahambu njo aliniuliza. Alikuwa anapiga magoti chini, anakusanya unga mu kitenge, na hakuinua hata kichwa.

— Tangu lini ulijua?

Nikamutazama. Ningesema Jumatatu. Kuhesabu si kazi: Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, na leo asubui yote, na ile saa banamuita wa kule, na miye naikala metre mbili, napiga musumari. Neno moja tu, «Jumatatu». Ilikataa kutoka. Nikanyoosha kikombe yangu, sijui juu ya nini, labda mukono ilitafuta kazi.

Akainuka, akapindua birika. Likatoka tone moja, na makapi.

— Inaisha, akasema.

Kisha akafanya kintu yenye sijaielewa mupaka leo. Alikamata kitenge, akarudisha unga yote mu sufuria, na chumvi, na wadudu bake, akafunika, akaipeleka kwa Constantin na mikono mbili, na magoti akiinama kidogo, namna wanawake banapana kintu ya heshima. Hakumupa tupu. Akafunga mbabula yake, balance chini ya kwapa, mutoto wake, ule wa ku mugongo, leo mukubwa, akabeba kiti, na bakaondoka. Leo anauzishia ku Makomeno, mutaa ingine. Banasema kule kahawa yake ni ya kweli, yenye kuchemushwa mara moja.

Jumatatu yenye kufuata moshi haikutoka ku lupango ya Constantin. Bwalya alikwenda kutafuta kazi ku mine, bale batano sijui. Constantin anapitaka hapa kila asubui, ananisalimia muzuri kabisa, na ile njo inaniuma kuliko kutukanwa. Prof na Radio banaikala ku banc bila kahawa, banagombana kidogo, banachoka.

Sufuria, Constantin aliniachia ile Ijumaa. Iko hapa, kati ya misumari na colle ya kubandika viatu, na muntu akiuliza bei nasema haiuzishwe. Siku moja moja Constantin anasimama, anainua kifuniko, anatazama ndani, anafunika, anakwenda. Ile unga sijaitoa.